Sina skana, nina shahada ya saikolojia: nafasi za uzamivu wa picha za ubongo huombwaje?

Swali: Nimemaliza shahada ya kwanza ya saikolojia hapa Tanzania, ya miaka mitatu, GPA 3.9. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa kwenye mradi wa afya ya akili ya vijana Dodoma: nahoji, nasimamia madodoso, nasafisha data kwenye Excel. Naona matangazo ya nafasi za uzamivu na za wasaidizi wa utafiti Ujerumani, Uholanzi na Marekani, kwenye saikolojia na upigaji picha wa ubongo. Sijawahi hata kuingia chumba chenye skana ya MRI. Je, niombe hivyo hivyo au nirudi darasani kwanza? Na nikiomba, wanaochagua hutazama nini?

Jibu: Skana isikutishe. Kwenye maabara nyingi za Ulaya mwanafunzi mpya hufundishwa kuitumia akishafika, na kabla ya kupita mafunzo ya usalama haruhusiwi kuvuka mlango wa chumba chake. Yanayokukwamisha ni mambo mawili mengine: huna uzamili, na wasifu wako hauna chochote kinachoonyesha kwamba unaweza kuchambua data za picha za ubongo. La kwanza linategemea nchi unayoomba. La pili unaweza kulimaliza ukiwa Dodoma bila kulipa ada ya mtu yeyote.

Tuanze na nchi, maana hapo ndipo maombi mengi hufa kabla hayajasomwa.

Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka minne, wenye tathmini baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu kuamua kama unaendelea, na mshahara wa mwaka wa kwanza uko karibu na euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa kuwa ni ajira, sharti la uzamili halina mjadala. Taasisi kama Donders ya Nijmegen hushindaniwa na watu waliomaliza uzamili wa utafiti wa miaka miwili, ambao tasnifu zao zilikuwa za fMRI (picha za MRI za ubongo ukiwa kazini) au EEG (upimaji wa umeme wa ubongo). Kwa shahada ya kwanza pekee unachujwa mapema, na barua ya kukataliwa haitakueleza sababu.

Ujerumani nako uzamili ndiyo kanuni, lakini kuna mlango wa pembeni. Max Planck School of Cognition, inayounganisha taasisi na vyuo kadhaa, hupokea pia wenye shahada ya kwanza na kuwagharamia tangu mwanzo. Dirisha la maombi hufunguliwa miezi ya mwisho ya mwaka. Ushindani wake ni mkali sana, kwa hiyo iwe mojawapo ya shabaha zako, usiiwekee tumaini lote.

Marekani mfumo ni mwingine kabisa. Uzamivu huombwa moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, huchukua miaka mitano au sita, na programu nzuri hulipa ada pamoja na posho. Maombi hufungwa mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba, usaili huwa kati ya Januari na Machi, na tarehe ya kawaida ya kukubali au kukataa nafasi ni 15 Aprili. Una vikwazo viwili vya kuangalia kabla hujalipa ada ya maombi. Shahada yako ni ya miaka mitatu, na baadhi ya vyuo vya huko hutaka ya miaka minne. Mwandikie ofisa udahili umuulize, na ulizia hapo hapo msamaha wa ada. Pili, ukata wa fedha za utafiti za serikali kuu ulifanya idara kadhaa zipunguze udahili wa uzamivu mwaka 2025, basi soma ukurasa wa msimamizi uone kama amesema anachukua mwanafunzi mwaka huo. Zile kazi za msaidizi wa utafiti wa miaka miwili ambazo Wamarekani huzifanya kabla ya uzamivu usizipotezee muda mwingi. Programu ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani) ya waliomaliza shahada ya kwanza, kwa mfano, ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu tu, na maabara ndogo mara chache hukubali usumbufu wa kumdhamini mgeni viza.

Uingereza nitaipita haraka: wanafunzi wa kimataifa wameruhusiwa kupata ufadhili wa UKRI, shirika la umma la kugharamia utafiti, tangu 2021, lakini kwa kikomo cha asilimia 30 ya nafasi, na UKRI hailipi tofauti ya ada kati ya mgeni na mwenyeji; mzigo huo ni wa chuo, si wa mwanafunzi. Kwa Mtanzania, ufadhili wa Jumuiya ya Madola ndio wa kuangalia kwanza.

Kuna aina moja ya tangazo ambayo waombaji wa Afrika Mashariki huipita bila kuijua. Ni mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kutangazwa kwenye EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za watafiti. Uraia wowote unakubaliwa. Sharti lake la ajabu linakusaidia wewe: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi inayokuajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Mwenyeji wa Leiden, Uholanzi, hawezi kuomba nafasi ya Leiden, wewe unaweza. Lakini angalia mtego uliomo: ukienda kusoma uzamili Uholanzi kwa miaka miwili, unajifungia nafasi za aina hiyo za Uholanzi, huku za nchi nyingine zikibaki wazi.

Sasa tusome tangazo la kawaida la Ujerumani. Litasema kitu kama hiki: nafasi ya uzamivu, asilimia 65, E13 TV-L, miaka mitatu, kuanzia Aprili, uzamili wa saikolojia, sayansi ya neva au fani inayokaribiana, uzoefu wa Python, R au MATLAB (lugha za kompyuta za kuchambulia data), Kiingereza kizuri, Kijerumani kitakuwa faida.

E13 TV-L ni ngazi ya mshahara wa watumishi wa majimbo. Asilimia 65 ya ngazi ya kuanzia ilikuwa takriban euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato mwaka 2025. Unalipwa asilimia 65, lakini kazi ya tasnifu itakula wiki nzima. Hilo halijaandikwa, kila mtu analijua. Miaka mitatu maana yake ni umri wa fedha za mradi, kwa hiyo kwenye usaili uliza nini hutokea tasnifu ikichelewa.

Neno la kulichunguza zaidi ni hilo la Kijerumani. Tazama aya inayoeleza mradi. Kama utafiti unapiga picha watu wapya, hasa wagonjwa au watoto, mtu fulani lazima ampigie mshiriki simu, amweleze ridhaa, amjazishe fomu ya usalama (chuma mwilini, kidhibiti cha mapigo ya moyo, ujauzito, woga wa sehemu finyu), kisha amwelekeze kazi ya kufanya akiwa ndani ya skana. Mtu huyo ni mwanafunzi wa uzamivu, na mshiriki huyo ni mzee wa Leipzig asiyejua Kiingereza. Hapo "faida" ina maana ya lazima. Mradi ukitumia data zilizokwisha kukusanywa, kama UK Biobank au Human Connectome Project, au ukiwa wa kutengeneza mbinu za uchambuzi, Kijerumani hakina uzito. Matangazo ya namna hiyo ndiyo yako.

Angalia pia cheo kinachotangazwa. Kazi za "studentische Hilfskraft" ni za wanafunzi waliosajiliwa chuoni. Huwezi kuiomba ukiwa Dodoma, hata kama sifa zote unazo. "Wissenschaftliche Mitarbeiterin" au "Mitarbeiter" ni ajira rasmi ya mtafiti, na ndiyo ngazi inayobeba nafasi nyingi za uzamivu.

GPA yako inahitaji aya yake. Tanzania 3.9 kati ya 5.0 ni daraja la pili la juu. Ujerumani alama huanzia 1.0, iliyo bora kabisa, na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu. Ukiandika "GPA 3.9" bila kipimo, profesa aliyechoka, mwenye maombi mengi mezani, anaona mtu aliyeponea chupuchupu. Andika "3.9/5.0, daraja la pili la juu", kisha weka ubadilisho kwa kanuni inayotumiwa huko: alama ya juu toa yako, gawanya kwa alama ya juu toa ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako ni 5.0 − 3.9 = 1.1, 5.0 − 2.0 = 3.0; 1.1 ÷ 3.0 × 3 + 1 = 2.1. Alama ya 2.1 huko huitwa nzuri. Isemee kuwa ni makadirio, maana chuo kitafanya hesabu yake chenyewe.

Tuje kwenye kazi ya mikono, ambayo ndiyo itakayokutofautisha. Data za MRI zimejaa bure kwenye OpenNeuro, hifadhi ya wazi ya mtandaoni. Chukua moja ndogo uifanye mpaka mwisho. Napendekeza ds000102, jaribio la mishale la Flanker: watu wazima 26, kila mmoja na vipindi viwili vya chini ya dakika tano, picha moja kila sekunde 2, jumla 146 kwa kipindi. Mshiriki hutazama mishale na kujibu ule wa kati umeelekea wapi; mishale ya pembeni ama inaelekea huko huko ama inampinga. Unatafuta sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi pale inapopingana. Swali ni jepesi, linafahamika, na huna haja ya kugundua jambo jipya.

Programu zenyewe hazina gharama: FSL, AFNI, na nilearn ya Python. SPM pia ni bure, lakini kwa kawaida huendeshwa ndani ya MATLAB, ambayo leseni yake hulipiwa. Kwa maandalizi ya data tumia fMRIPrep, ambayo hurekebisha mwendo wa kichwa, hulinganisha picha za utendaji na za umbo la ubongo, na kukutolea ripoti ya kila mshiriki ya kusoma kwa macho. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu huwa zile zile. Ya kwanza ni kumbukumbu. Kwenye Windows, fMRIPrep huendeshwa ndani ya Docker (kasha la kuendeshea programu) kupitia WSL (Linux iliyo ndani ya Windows), na WSL kwa kawaida hujitwalia nusu tu ya RAM. Kompyuta ya GB 8 inabaki kuipa GB 4, kazi inakatika katikati na kuacha namba 137 bila maelezo. Unahitaji mashine ya GB 16, na ongeza kiwango hicho kwenye faili la mipangilio la WSL. Ya pili ni leseni ya FreeSurfer, programu ya kuunda sura ya uso wa ubongo: ni ya bure, unaiomba kwa kujaza fomu mtandaoni, na fMRIPrep huidai hata ukiwa umezima hatua ya FreeSurfer. Ya tatu ni diski. Faili za muda huvimba haraka, kwa hiyo chakata washiriki wawili watatu kwa zamu, hakikisha matokeo yametoka, kisha futa folda ya muda. Ukizima FreeSurfer, muda wa kila mshiriki hupungua sana, na kwa zoezi hili huna haja nayo. Umeme ukikatika, anza upya ukielekeza folda ile ile ya muda. Hatua zilizokamilika hazirudiwi. Ambaye hana kompyuta ya nguvu ajaribu Neurodesk au brainlife.io, zinazofanya kazi ndani ya kivinjari.

Baada ya hapo fungua ripoti za washiriki wote 26. Zote. Angalia kama ubongo umekatwa vibaya, kama picha mbili zimelaliana sawasawa, na kichwa kimesogea kiasi gani. Jiwekee kanuni kabla hujaona matokeo, kwa mfano kumtoa mtu ambaye wastani wa kusogea kwake kati ya picha na picha umezidi milimita 0.5, na uandike jedwali la waliotolewa na sababu, hata kama ni tupu. Kisha tengeneza modeli ya kila mtu, tofauti ya mishale inayopingana na inayokubaliana, halafu modeli ya kundi. Ukitumia FSL, kizingiti cha makundi ya vokseli (vichemraba vidogo vinavyounda picha ya ubongo) kiwe z 3.1. Thamani ya 2.3 iliyozoeleka zamani imekosa heshima tangu makala ya Eklund na wenzake ya 2016 ilipoonyesha jinsi vizingiti vilegevu vinavyozaa matokeo ya uongo, na msaili anayeona 2.3 kwenye kazi yako atajua umenakili somo la kale.

Tegemea kuona mwitikio kwenye gamba la mbele la kati, karibu na singuleti ya mbele, na pengine kwenye sehemu za parietali. Usipouona, angalia kwanza kama faili za muda wa matukio zimepangwa sawa. Kubadilishana mishale inayopingana na inayokubaliana ni kosa la kawaida, na matokeo yake ni ramani yenye ishara iliyopinduka. Weka ramani isiyokatwa kizingiti kwenye NeuroVault (hifadhi ya ramani za ubongo), skripti kwenye GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo) pamoja na maelezo ya jinsi ya kuziendesha kuanzia mwanzo, na ripoti ya kurasa nne yenye picha moja nzuri. Kwa mtu anayefanya kazi mchana, miezi mitatu hadi minne inatosha. Anayechagua atatumia kama dakika mbili kwenye kiungo chako: atatazama kama maelezo yanaeleweka, kama umetoa washiriki kwa kanuni, na kama historia ya faili inaonyesha kazi iliyokua kidogo kidogo au iliyomwagwa yote usiku mmoja.

Mafunzo ya kuongozwa yapo. Neuromatch Academy hufanyika mtandaoni kila Julai tangu 2020, na ada yake hupangwa kwa kuzingatia nchi. CONNExIN, iliyoanzishwa na jumuiya ya CAMERA kwa ajili ya Waafrika, imelenga uchambuzi wa picha za ubongo hasa. Cheti peke yake hakina thamani kubwa, ila wakufunzi wa huko wanaweza kukuandikia barua ya mapendekezo wakiwa wameiona kazi yako.

Na hapa Afrika? KEMRI-Wellcome Trust ya Kilifi, Kenya, ina utamaduni mrefu wa utafiti wa kifafa na makuzi ya watoto, pamoja na EEG. Aga Khan ina Taasisi ya Ubongo na Akili iliyopo pia Nairobi. Cape Town ina uzamili wa sayansi ya neva na kituo cha CUBIC chenye skana ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Zimeanza pia kuingia Afrika skana ndogo za kusukumwa kwa magurudumu, za Tesla 0.064, zinazotumika kwenye tafiti za ubongo wa watoto. Picha zake ni hafifu na zinahitaji watu wa kuzichambua. Mwaka mmoja kwenye moja ya tafiti hizo unaweza kukufaa kuliko kutuma maombi 30 Ulaya.

Kwa hali yako ningepanga hivi: uchambuzi uanze sasa, uzamili wenye ufadhili uombwe mwaka huu, na maombi machache ya Marekani na Max Planck School yaende sambamba. Uzamili utazamwe kwa fedha kwanza. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini mwanafunzi asiye na ufadhili kwa kawaida huonyesha akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za mwaka, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Mwajiriwa wa uzamivu haombwi hiyo. Mkataba wake unatosha. Uholanzi ada kwa wasio wa Ulaya ni kubwa, basi bila ufadhili usijaribu. Trento, Italia, ina uzamili wa sayansi ya utambuzi kwa Kiingereza pale CIMeC, kituo chake cha sayansi ya akili na ubongo.

Kwenye barua ya maombi, acha kabisa kuandika kwamba tangu utotoni ulivutiwa na ubongo. Ukurasa mmoja: unaomba nafasi ipi, ulifanya uchambuzi gani na uliona nini, kazi yako ya Dodoma inaleta nini, na swali gani la mradi wao linakuvuta na kwa nini. Usiidharau kazi hiyo ya Dodoma. Idadi ya vijana uliowahoji, zana ulizotumia, jinsi mlivyoshughulikia dodoso lililotafsiriwa, hayo ni maarifa ambayo watu wengi wa skana hawana, taja namba. Hamisha usafishaji wa data kutoka Excel kwenda R, kisha uandike R. Viambatisho viwe faili moja la PDF lenye jina lako, chini ya MB 5. Waandikaji wa mapendekezo wajulishwe wiki tatu kabla, na watumie anwani ya barua pepe ya chuo au taasisi, kwa sababu mifumo mingine hukataa Gmail.

Msimamizi wa Marekani mwandikie Septemba, maneno 150 hivi, ukiwa umesoma makala yake moja ya karibuni. Kwa tangazo la Ujerumani lenye tarehe ya mwisho, barua ya kujitambulisha haihitajiki isipokuwa una swali la kweli, kama lile la Kijerumani.

Usaili huwa wa dakika 30 hadi 45 kwa video. Utaulizwa ueleze uchambuzi wako, na swali la hesabu halikosekani. Ubongo uliogawanywa kwa vokseli za milimita 2 una vokseli zaidi ya 200,000. Ukikubali p ya 0.05 (nafasi 5 kati ya 100 za kuwaka kwa bahati) kwa kila moja, zaidi ya 10,000 zitawaka kwa bahati tu. Eleza hivyo kwa utulivu, kisha useme ulirekebishaje. Soma pia makala mbili za Nature: ya Botvinik-Nezer na wenzake ya 2020, ambamo timu 70 zilichambua data moja na kutofautiana, na ya Marek na wenzake ya 2022, iliyoonyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo na tabia za watu kunahitaji maelfu ya washiriki. Ukiulizwa kwa nini watu 26 wa Flanker walitosha, jibu limo humo: ulilinganisha hali mbili ndani ya mtu yule yule, hukulinganisha mtu na mtu.

Mwisho, kuhusu pesa: uni-assist, inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani, hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza la uzamili na 30 kwa kila linalofuata, na vyuo vya Marekani vina ada ya maombi. Hizo ni halali. Ajira ya uzamivu Ulaya haikutozi chochote, wala ya "kushughulikia mkataba", wala ya "bima ya viza". Ukidaiwa, acha kujibu. Na ukipata barua ya kukubaliwa, omba tarehe ya ubalozi siku hiyo hiyo, kisha mwambie mwajiri kwa maandishi kwamba huenda ukachelewa kuanza. Kusogeza tarehe kwa mwezi mmoja au miwili ni jambo wanalolizoea.